RUTA INAPOAMKA: Kwa Nini Umeme Ukirudi, Mtandao Wakati Mwingine Haurudi?

Somo kwa kamati za parokia na marafiki wanaochangia miradi ya mawasiliano



Katika parokia nyingi leo kuna kisanduku kidogo kilichotundikwa ukutani ofisini au kuwekwa juu ya kabati, chenye taa chache zinazometameta na pengine antena mbili. Kisanduku hicho ni ruta. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta za ofisi, za zahanati na za shule na laini moja ya intaneti, na kuamua kila ujumbe upite njia ipi ili umfikie anayehusika.

Umeme ukikatika ruta huzimika, na ukirudi hatutegemei kufanya lolote ila kusubiri. Mara nyingi mtandao hurudi wenyewe. Lakini ziko siku ambapo taa zinawaka na mtandao haupo, au mtandao upo lakini printa ya zahanati haionekani tena. Hapo fundi huitwa kutoka mjini, nauli na posho hulipwa, na kazi husimama kwa siku mbili tatu. Wakati mwingine kamati huambiwa kwamba ruta imekufa na inunuliwe nyingine, kumbe ile ya zamani ingeweza kuokolewa.

Katika somo hili tutaeleza kinachotendeka ndani ya ruta tangu inapopata umeme hadi mtandao unapopatikana. Hatukusudii kuwafanya wanakamati kuwa mafundi. Tunataka kamati iweze kutambua tatizo liko wapi, iweze kuzungumza na fundi kwa kuelewana, na zaidi ya yote iweze kupokea kazi ya fundi kwa utaratibu unaolinda mali ya parokia.

1. RUTA NI KOMPYUTA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ruta ni kompyuta kamili, ijapokuwa haina kioo wala kibodi. Ina kichakataji, ina kumbukumbu, na ina programu kuu inayoiendesha, kama vile kompyuta ya ofisini inavyoendeshwa na Windows. Katika ruta za Cisco, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984, programu kuu ya miaka mingi huitwa IOS. Katika ruta za MikroTik, kampuni ya nchini Latvia ambayo vifaa vyake vimeenea sana Afrika Mashariki, huitwa RouterOS. Ruta nyingi ndogo za nyumbani na ofisini huendeshwa na Linux.

Kwa kuwa ni kompyuta, ruta haiwezi kufanya kazi mara tu inapopata umeme. Ni lazima kwanza iamke, ijikague, itafute programu yake kuu, iipakie, kisha isome mipangilio iliyoachiwa na fundi. Ruta ndogo humaliza haya yote kwa dakika moja au mbili. Ruta kubwa huweza kuchukua dakika kadhaa. Mtu anayeizima na kuiwasha tena kila baada ya nusu dakika kwa kuona "bado haifanyi kazi" anairudisha mwanzo kila mara.

2. KUMBUKUMBU NNE

Ili kuelewa hatua za kuamka, tuangalie mahali ambapo ruta huweka mambo yake. Tuchukue mfano wa karani wa ofisi ya parokia.

Karani anapofika asubuhi, kuna mambo anayoyajua kwa moyo: mlango uko wapi, ufunguo ni upi, aanze na kabati gani. Ndani ya kabati kuna kitabu kikubwa cha taratibu za kazi. Pembeni kuna daftari la maagizo ya parokia hii: nani anahudumiwa lini, nani ana ruhusa ya kuingia wapi. Na mbele yake kuna meza, ambayo kutwa nzima hutandazwa karatasi za kazi. Jioni meza hufagiliwa ikabaki tupu.

Ruta nayo ina kumbukumbu nne za namna hiyo.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya kiwandani, ambayo mafundi huiita ROM. Humo mna maelekezo mafupi ya kuanzia, kama yale anayoyajua karani kwa moyo. Katika ruta nyingi ndogo maelekezo haya hukaa katika sehemu ya mwanzo ya flashi, mahali ambapo katika matumizi ya kawaida hapaguswi.

Ya pili ni flashi, jamaa ya ile flashi tunayochomeka kwenye kompyuta. Humo hukaa programu kuu, yaani kitabu cha taratibu. Flashi haipotezi kitu umeme ukikatika. Katika ruta ndogo huwa ndogo mno. Ruta ya Linksys WRT54GL, iliyopata sifa sana miaka ya 2000, ilikuwa na flashi ya megabaiti 4 tu.

Ya tatu ni kumbukumbu ya mipangilio, ambayo katika ruta za Cisco huitwa NVRAM. Hili ndilo daftari la maagizo: jina la mtandao wa parokia, maneno ya siri, laini ya mtoa huduma, na kompyuta zipi zimetengwa na zipi. Katika ruta ndogo, daftari hili ni sehemu tu ya flashi.

Ya nne ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Hii ndiyo meza. Ni ya haraka, na kazi yote hufanyikia hapo, lakini umeme ukikatika kila kilichokuwa juu yake hupotea.

Tunaomba msomaji ashike jambo moja kabla hatujaendelea: ruta inayofanya kazi sasa hivi inafuata yaliyo mezani, na ruta inayoamka hufuata yaliyo daftarini. Mambo hayo mawili si lazima yafanane.

3. HATUA TANO ZA KUAMKA

Hatua ya kwanza: kujikagua. Umeme unapoingia, maelekezo ya kiwandani huanza kukagua kichakataji, kumbukumbu na milango ya kebo. Katika ruta nyingi taa zote huwaka kwa pamoja kwa muda mfupi.

Hatua ya pili: kutafuta programu kuu. Programu ndogo ya kuamshia huangalia ndani ya flashi kama programu kuu ipo na ni nzima. Ruta za Cisco za mfumo wa IOS huongozwa hapa na namba maalumu inayoziambia zitafute wapi. Namba ya kawaida ni 0x2102, ambayo maana yake ni kuamka kwa utaratibu wa siku zote na kusoma mipangilio iliyohifadhiwa.

Hatua ya tatu: kuipakia. Kwa kuwa flashi ni ndogo, programu kuu huhifadhiwa ikiwa imekunjwa, kama nguo zinavyoshindiliwa sandukuni. Sasa hukunjuliwa na kutandazwa katika kumbukumbu ya kazi. Fundi aliyeunganisha kompyuta yake na ruta ya Cisco huona mstari mrefu wa alama za reli ukijiandika kwenye kioo. Hiyo ni programu inakunjuliwa.

Hatua ya nne: kusoma mipangilio. Programu kuu hufungua daftari na kunakili maagizo yote mezani. Daftari likiwa tupu, ruta ya Cisco humuuliza mtumiaji kama anataka kuanza kuipangia upya, na ruta ndogo huamka na mipangilio ya kiwandani, ikiwa na jina la mtandao na neno la siri lililobandikwa chini yake.

Hatua ya tano: kuungana na nje. Ruta huwasha redio yake na kuomba namba ya anwani kutoka kwa mtoa huduma. Kisha huanza kugawa namba kwa kompyuta zilizo ndani, na kuuliza saa. Hili la saa huwashangaza wengi. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, hivyo huamka bila kujua tarehe. Baadhi hudhani ni tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo tarehe mifumo ya jamii ya Unix huanzia kuhesabu muda. Ruta ikikosa intaneti ya kuulizia saa hubaki na tarehe ya uongo. Kama shule imepanga mtandao wa wanafunzi ufungwe saa nne usiku, agizo hilo halitafuatwa sawasawa.

4. INAPOKWAMA: DALILI NA LA KUFANYA

Kila hatua ina namna yake ya kukwama. Kamati ikijua hatua, hujua la kumweleza fundi kwa simu, na pengine safari yake isihitajike.

Taa hazijawaka kabisa, au ruta inawaka na kuzima yenyewe kila baada ya sekunde chache. Mara nyingi ruta ni nzima na adapta ndiyo mbovu. Adapta iliyochoka huweza kutoa umeme wa kutosha kuanzisha ruta, lakini redio inapowashwa na kuhitaji umeme zaidi, nguvu hushuka na ruta huanza upya. Tafuta adapta nyingine ujaribu. Volti ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye ruta, ampea ziwe sawa au zaidi, na alama za chanya na hasi zilingane. Wanaotumia umeme wa jua wakumbuke kwamba betri ya volti 12 huzidi volti 14 inapochajiwa. Inafaa kuweka kirekebishaji cha volti kati yake na ruta.

Taa ya umeme inawaka, nyingine hazibadiliki, na jina la mtandao halionekani hata baada ya dakika kumi. Hapa huenda hatua ya pili au ya tatu imekwama, yaani programu kuu imeharibika au haipo. Sababu inayojulikana sana ni umeme kukatika wakati programu inasasishwa. Flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Ni lazima sehemu ifutwe kwanza ndipo iandikwe upya. Umeme ukikatika katikati, ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika.

Hata hivyo ruta ya namna hii haijafa, mradi programu ndogo ya kuamshia ni nzima. Programu hiyo inaweza kupokea nakala mpya ya programu kuu kwa kebo kutoka kwenye kompyuta ya fundi. Ruta nyingi hutumia utaratibu rahisi uitwao TFTP, uliotungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao hupeleka faili vipande vya baiti 512, kipande kimoja kimoja. MikroTik wana programu yao iitwayo Netinstall. Fundi hushikilia kitufe cha nyuma ya ruta anapoiwasha, na ruta huomba programu kwenye kebo. Kwa hiyo kabla kamati haijakubali kununua ruta nyingine, iulize: "Je, umejaribu kuipakia programu upya kwa kebo?"

Wazo hili la kuomba programu kwa mwingine ni la tangu mwanzo. Mashine zilizofanya kazi ya ruta katika mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti, zilitengenezwa na kampuni ya BBN huko Massachusetts, Marekani. Ya kwanza ilifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969. Watengenezaji walijua kwamba hawataweza kupeleka fundi kila mahali kila mara. Waliziwezesha mashine hizo kuanza zenyewe umeme unaporudi, na programu ya mashine moja ikiharibika, iombe nakala nzima kwa mashine jirani kupitia laini. Jirani alikuwa msaada hata kwa mashine.

Ruta imewaka, lakini jina la mtandao ni geni na neno la siri limekataliwa. Hapa ni hatua ya nne. Daftari limefutwa, au mtu amebonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Katika ruta nyingi ndogo programu kuu hukaa katika sehemu isiyoandikika, na mipangilio hukaa katika sehemu inayoandikika. Kitufe hicho hufuta ile ya pili tu. Kama mna nakala ya mipangilio, kazi ya kurudisha ni ya dakika chache. Kama hamna, fundi ataanza upya kabisa.

Mtandao unaonekana, lakini kompyuta moja moja haipati kitu. Inawezekana kompyuta iliamka kabla ya ruta haijawa tayari. Kompyuta ikiomba namba ikakosa wa kuijibu hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, na kwa namba hiyo haifiki popote nje. Zima na kuwasha kompyuta, au chomoa kebo yake na kuichomeka tena. Utaratibu mwema baada ya umeme kurudi ni huu: washa kwanza kifaa cha mtoa huduma, subiri taa zake zitulie, washa ruta, subiri dakika tatu, ndipo kompyuta. Na kwa kuwa umeme unaporudi mara nyingine hukatika tena mara mbili tatu, ni busara kuchomoa vifaa na kusubiri hadi utulie.

5. KUZIMA NA KUWASHA HAKUTIBU KILA KITU

Wengi wetu tumezoea kuona kila shida ya ruta ikitibiwa kwa kuizima na kuiwasha. Tiba hiyo hufaa pale ubaya ulipo mezani, yaani katika kumbukumbu ya kazi. Haifai pale ubaya ulipoandikwa katika kumbukumbu ya kudumu.

Tukio la mwaka 2018 linaonyesha hili waziwazi. Tarehe 23 Mei mwaka huo, wataalamu wa usalama wa Cisco walitangaza kwamba programu haribifu iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta ndogo za nyumbani na ofisini, katika nchi zisizopungua 54. Siku mbili baadaye shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta za namna hiyo wazizime na kuziwasha upya. Kufanya hivyo kuliondoa sehemu za programu hiyo zilizokaa katika kumbukumbu ya kazi, ambazo ndizo zilizofanya upelelezi na uharibifu. Lakini sehemu ya kwanza ilikuwa imejiandika katika kumbukumbu ya kudumu, na ilibaki hata baada ya kuwasha upya. Kuiondoa kulihitaji kurudisha mipangilio ya kiwandani, kuweka programu kuu mpya, na kubadili maneno ya siri.

Funzo kwa kamati ni kwamba kusasisha programu ya ruta ni kazi ya lazima, lakini ifanyike kwa maandalizi: nakala ya mipangilio ichukuliwe kwanza, ruta iwe kwenye UPS au betri, itumike kebo badala ya redio, na mtu asiiguse hadi imalize kuamka yenyewe.

6. MEZA NA DAFTARI: HATARI ISIYOONEKANA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo limetufanya tuandike somo hili.

Katika ruta za Cisco za mfumo wa IOS, fundi anapobadili kitu, mabadiliko huanza kufanya kazi papo hapo, lakini yapo mezani tu. Ili yaandikwe daftarini ni lazima atoe amri ya kuyahifadhi: copy running-config startup-config. Baadhi ya ruta na swichi za kampuni nyingine nazo zinahitaji kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ruta za MikroTik kwa kawaida huandika kila badiliko mara linapofanywa. Kwa hiyo fundi aliyezoea aina moja anaweza kusahau akikutana na aina nyingine.

Ubaya wa kusahau huku ni kwamba hauonekani siku hiyo. Fundi amemaliza, mtandao unafanya kazi, kila mtu amefurahi, hati zimesainiwa, malipo yametolewa. Ruta inaweza kuendelea hivyo kwa miezi mingi bila kuzimwa. Kisha usiku mmoja umeme unakatika. Asubuhi ruta inaamka na kusoma daftari la zamani, lile la kabla ya fundi kuja. Zahanati haioni printa, shule haina mtandao, na hakuna anayekumbuka kilichofanywa. Aliyekuwa fundi huenda amehamia mkoa mwingine na maneno ya siri ameondoka nayo kichwani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ruta msemo huu ni wa kweli neno kwa neno.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kanuni moja kwa kila parokia: ruta isikabidhiwe mpaka izimwe na kuwashwa mbele ya kamati. Fundi anapotangaza kwamba amemaliza, mwanakamati achomoe umeme, ahesabu dakika moja, auchomeke tena, kisha wote wasubiri. Baada ya dakika tano kila kilichokuwa kikifanya kazi kikaguliwe kimoja kimoja: ofisi, zahanati, shule, printa. Vikirudi vyote, hati isainiwe. Kisiporudi kimoja, fundi bado yupo na atarekebisha siku hiyo hiyo bila nauli ya pili. Mtihani huu hauhitaji ujuzi wowote, na hakuna fundi mwaminifu atakayeukataa.

7. BAHASHA YA RUTA

Pamoja na mtihani huo, kamati iwe na bahasha moja inayofungiwa mahali panapofungwa vitabu vya fedha. Ndani yake viwemo vitu vifuatavyo:

- Jina na aina kamili ya ruta kama ilivyoandikwa chini yake, pamoja na volti na ampea za adapta yake.
- Maneno ya siri ya kuingia katika ruta, yaliyoandikwa kwa mkono unaosomeka.
- Nakala ya mipangilio katika flashi, na ikiwezekana iliyochapishwa kwenye karatasi. Nakala hii ichukuliwe upya kila fundi anapobadili kitu.
- Nakala ya programu kuu inayotumika, ili fundi asilazimike kutafuta intaneti ya kuipakua wakati intaneti yenyewe haipo.
- Karatasi ya kumbukumbu: tarehe, jina la fundi, alichobadili, na sahihi ya mwanakamati aliyeshuhudia mtihani wa kuzima na kuwasha.

Bahasha hii ni siri, kwa kuwa nakala ya mipangilio huweza kubeba maneno ya siri ndani yake. Ruta nayo iwekwe penye kufuli. Katika ruta za Cisco tulizozitaja, mtu aliyeketi mbele ya kifaa na kebo yake anaweza kubadili ile namba ya kuamkia kutoka 0x2102 kuwa 0x2142, ruta ikaamka bila kusoma mipangilio, naye akaweka neno la siri jipya. Utaratibu huu ni msaada mkubwa kwa parokia iliyopoteza neno la siri, na ni mlango wazi kwa mwenye nia mbaya.

8. NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru ndugu wote wanaochangia vifaa vya mawasiliano katika parokia zetu. Tunawaomba watazame mambo mawili wanaposoma maombi ya miradi. Kwanza, bajeti isiishie kwenye ununuzi wa ruta, bali iwe na UPS ndogo au betri, adapta ya akiba, na siku moja ya fundi kuwafundisha watu wawili wa parokia. Vitu hivi ndivyo huamua kama ruta itafikisha mwaka wa tano au itatupwa mwaka wa kwanza. Pili, pamoja na picha na risiti, waombe nakala ya karatasi yenye sahihi inayothibitisha kwamba ruta ilizimwa ikawashwa na huduma zote zikarudi. Picha huonyesha kwamba kifaa kilifika. Karatasi hiyo huonyesha kwamba kitaamka tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Ruta yetu iko wapi, ni ya aina gani, na adapta yake ni ya volti ngapi? Nani kati yetu anaweza kujibu bila kumpigia fundi simu?
2. Maneno ya siri ya ruta yako kwa nani? Mtu huyo akihama leo, kesho tutafanyaje?
3. Je, tuna nakala ya mipangilio? Ilichukuliwa lini mara ya mwisho?
4. Tangu fundi alipobadili kitu mara ya mwisho, ruta imewahi kuzimwa na kuwashwa yeye akiwapo?
5. Tupange tarehe ya kufanya mtihani huo pamoja na fundi. Nakala ya mipangilio ichukuliwe kabla ya kuchomoa umeme.

Tunazishauri kamati zifanye mtihani huo robo hii, wakati umeme upo, fundi anapatikana, na hakuna mgonjwa anayesubiri majibu yake.